Kulia kwa Nani?



Naomba mwone pamoja nami mashua ya wavuvi yenye mashine ya nyuma. Mtu mmoja amekaa omo, yaani mbele, akiangalia miamba, mwenzake yuko tezi, yaani nyuma, ameshika mkono wa mashine. Yule wa omo anauona mwamba, anageuka nyuma ili sauti imfikie mwenzake, anapiga ukelele: "Kulia!" Sasa tuhesabu. Kuna kulia kwake yeye, ambaye uso ameuelekeza tezi. Kuna kulia kwa mwenzake anayetazama mbele. Na kuna kulia kwa mkono wa mashine wenyewe, au kwa kana, ule mti wa kugeuzia usukani, ikiwa ni chombo cha usukani, na kila aliyewahi kushika kana anajua kwamba ukiisukuma kulia chombo kinakwenda kushoto. Neno moja limekuwa na maana tatu, na mwamba uko pale pale.

Nchi kavu tunaishi na utata huu bila madhara makubwa. Mgeni akielekezwa apinde kulia msikitini akapinda kushoto, atauliza tena mbele ya safari. Chombo hakina breki, na maji hayampi mtu nafasi ya kuuliza mara ya pili. Ndiyo maana mabaharia wa dunia walilazimika kuamua kulia ni kwa nani, na uamuzi huo uliwachukua muda mrefu kuliko wengi tunavyodhani.

Walichoamua ni kwamba kulia ni kwa chombo. Simama tezi, elekeza uso omo. Ubavu ulio mkono wako wa kulia ni stabodi, wa kushoto ni poti. Kisha geuka utazame nyuma, au teremka ngamani ukakumbe maji: stabodi haikuhama. Ni sehemu ya chombo kama ulivyo mkuku na mlingoti. Anayesema stabodi hasemi habari za mwili wake wala za mwili wako.

Majina haya yalitoka kaskazini mwa Ulaya, na yalitokana na kazi yenyewe. Kabla ya usukani kutiwa katikati ya tezi kama tunavyouona kwenye jahazi, vyombo vya watu wa Skandinavia viliongozwa kwa kasia kubwa lililofungwa ubavuni, karibu na tezi. Kwa kuwa watu wengi hutumia mkono wa kulia, kasia likakaa kulia. Ushahidi upo hadi leo. Chombo cha Oseberg, kilichozikwa Norway mwaka 834 pamoja na maiti za wanawake wawili na kufukuliwa mwaka 1904, kina kasia lake la kuongozea ubavu wa kulia. Cha Gokstad, kilichofukuliwa mwaka 1880, kiko hivyo hivyo. Ubavu ule ukaitwa ubavu wa kuongozea, nasi tunausikia leo kama stabodi. Na kwa sababu kasia hilo lingesagika likibanwa na gati, chombo kiliegeshwa kwa ubavu wa pili. Huko ndiko shehena ilikopitia, na watu pia.

Waingereza ubavu huo wa pili waliuita kwa karne nyingi larbodi. Jaribu kuyatamka mawili hayo mfululizo, stabodi na larbodi, kisha ufikirie mtu anayatamka katikati ya dhoruba, tanga linapiga na mawimbi yanaingia ndani. Mwisho wa maneno ni ule ule, na mwanzo ndio upepo unaouchukua. Mwaka 1844 jeshi la wanamaji la Uingereza liliagiza larbodi liachwe na poti litumike badala yake, na Marekani ikafuata mwaka 1846. Neno poti, lenye maana ya bandari, lilikuwa tayari likisikika midomoni mwa mabaharia, kwa kuwa ubavu ule ndio uliokuwa ukitazama bandari. Naliheshimu sana agizo lile. Watu wazima, wenye mazoea ya miaka mingi, walikubali kuliacha neno la babu zao kwa sababu sikio lilikuwa likidanganywa.

Lakini kubadilisha jina la ubavu kulikuwa kazi nyepesi. Kulikuwa na tatizo jingine, gumu zaidi, nalo lilihusu amri anayopewa mshika usukani. Kwa mazoea ya zamani, afisa wa Kiingereza akisema "stabodi!" alikuwa akizungumza na kana: isukume kana stabodi. Kana ikienda stabodi, usukani unakwenda poti, na omo inaelekea poti. Katika chombo chenye kana, mtu anaisukuma kwa mkono na anaona anachokifanya, kwa hiyo amri ile ilikuwa na mantiki yake. Kisha likaja gurudumu la usukani, kana ikafichwa chini ya sitaha, na meli zikakua hadi mshika usukani asiione kana maisha yake yote. Amri haikubadilika. Afisa alisema stabodi, mtu akazungusha gurudumu kushoto, na meli ikaenda kushoto.

Walioitazama filamu ya Titanic ya mwaka 1997 wameisikia amri hiyo, na nadhani wengi imewachanganya. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, saa tano na dakika 40, mlima wa barafu ulionekana mbele ya meli hiyo. Afisa William Murdoch aliamuru stabodi yote. Robert Hichens, aliyekuwa kwenye gurudumu, akaligeuza, na omo ya meli ikaanza kwenda kushoto, kama ilivyokusudiwa. Barafu ikakwaruza ubavu wa kulia. Watu wapatao 1,500 walikufa.

Mwaka 2010 mwandishi Louise Patten, mjukuu wa Charles Lightoller, mmoja wa maafisa walionusurika katika ajali hiyo, alidai kwamba Hichens aliielewa amri kinyume akageuza upande usio wake. Siliamini dai hilo. Meli za Uingereza za wakati ule zilitumia amri za kana peke yake, na Hichens hakuwa na mfumo wa pili wa kumchanganya. Katika uchunguzi wa mwaka ule ule wa 1912 ilielezwa kwamba omo ilikuwa imekwisha kuanza kwenda kushoto ilipogonga, na jeraha lenyewe lilikuwa kulia, mahali ambapo meli inayokimbilia kushoto ingelipata. Alifanya kazi yake. Kumtupia lawama maiti kwa sababu sisi wa leo tunaisikia amri yake kwa masikio yetu, naona si haki.

Jambo la kutisha ni kwamba mfumo ule uliendelea kwa miaka mingine 20. Meli za mataifa mbalimbali zilikutana bandarini, zikabadilishana mabaharia na kupandisha marubani wa kigeni, na neno lile lile likawa na maana mbili zinazopingana. Mkutano wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini uliofanyika London mwaka 1929 ukakubaliana kwamba amri ifuate omo: ukisema stabodi, gurudumu liende kulia, usukani uende kulia na omo iende kulia. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1932, ikaanza kutumika mwaka 1933. Mfikirie mzee wa miaka 50, aliyeanza ubaharia akiwa kijana wa miaka 15, anaamka asubuhi moja anaambiwa kwamba kuanzia sasa neno alilolitii maisha yake yote lina maana ya kinyume. Ilibidi ifanyike hata hivyo.

Nayasema haya kwa sababu kwetu tatizo la kana halijaisha. Mashine ya nyuma inaongozwa kwa mkono, na mkono huo ni kana. Katika mashua nyingi za pwani yetu, na za Ziwa Victoria na Tanganyika pia, hakuna makubaliano yaliyotamkwa kati ya mtu wa omo na mtu wa tezi. Wamezoeana, basi. Siku mtu wa omo anaugua na kijana wa jirani anachukua nafasi yake, mazoea yale hayapo. Manahodha, semeni na watu wenu kabla ya kung'oa nanga: kulia ni kule omo itakakokwenda, na kana ni shauri la anayeishika.

Katikati ya karne ya 19 pande hizi mbili zilipewa pia rangi, ili zijulikane usiku. Poti ina taa nyekundu, stabodi ina taa ya kijani. Kila taa inaonekana kuanzia mbele kabisa hadi nyuzi 22.5 nyuma ya ubavu, yaani upeo wa nyuzi 112.5. Ndege nazo zimerithi jambo hili. Ikipita usiku juu ya nyumba yako, bawa lake la kushoto lina taa nyekundu na la kulia ya kijani. Ukiwa baharini gizani na taa zote mbili zikakutazama kwa pamoja, chombo hicho kinakujia wewe. Ukiona nyekundu peke yake upande wako wa kulia, mwenzio anakata njia yako akielekea kushoto kwako, na kanuni inasema wewe ndiye wa kumpisha, tena usipite mbele yake. Ukiona kijani peke yake kushoto kwako, yeye ndiye wa kukupisha. Wewe shika mwendo wako, na macho usiyatoe kwake. Kuna pia honi: mlio mmoja mfupi, nageukia stabodi, miwili, nageukia poti, mitatu, mashine yangu inavuta nyuma.

Yote haya yamo katika kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972, zilizoanza kutumika Julai 1977. Iliyo muhimu kuliko zote ni rahisi: vyombo viwili vya mashine vikikutana uso kwa uso, kila kimoja kigeukie stabodi yake, vipishane poti kwa poti.

Kwa nini nasema ni muhimu kuliko zote? Usiku wa tarehe 25 Julai 1956, karibu na kisiwa cha Nantucket nchini Marekani, meli mbili za abiria zilikuwa zikikaribiana. Andrea Doria ya Italia, chini ya Nahodha Piero Calamai, ilikuwa ikielekea New York ndani ya ukungu mzito. Stockholm, meli ya Kiswidi, ilikuwa imetoka New York, na zamu ilikuwa ya afisa wa tatu, Johan-Ernst Carstens-Johannsen. Zote mbili zilikuwa na rada, na kila moja iliiona nyingine mapema. Wale wa Andrea Doria waliiona Stockholm kulia kidogo, wakaamua wapishane stabodi kwa stabodi, wakasogea kushoto kupanua nafasi. Yule wa Stockholm aliiona Andrea Doria kushoto kidogo, akaamua wapishane poti kwa poti, akageuka kulia. Kila mmoja alikuwa akimpisha mwenzake, na kila mmoja alikuwa akimwendea. Walipoonana kwa macho, Andrea Doria ilizidi kwenda kushoto na Stockholm ikazidi kwenda kulia. Omo ya Stockholm ikazama katika ubavu wa stabodi wa Andrea Doria.

Watu 51 walikufa, 46 wa Andrea Doria na 5 wa Stockholm. Kilichofuata kinaonyesha ubavu wa chombo una uzito gani. Maji yaliingia stabodi, meli ikalalia stabodi, na ikalala sana kiasi kwamba mashua za kuokolea za upande wa poti hazikuweza kuteremshwa: ubavu ule ulikuwa umenyanyuka, na mashua zingeburuzwa juu ya chuma badala ya kufika majini. Nusu ya mashua zikawa pambo. Meli nyingine zilifika kusaidia, na zaidi ya watu 1,600 waliokolewa kabla Andrea Doria haijazama asubuhi yake. Bahari ilikuwa shwari; mawimbi yangekuwa makubwa tungekuwa na hesabu nyingine.

Wasikilizaji, kuna jambo katika hili linalotuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko watu wa nchi nyingi. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha magari kushoto. Dereva wa lori la kutoka Mombasa, wa daladala ya Mbagala, wa bodaboda ya Jinja, amefundisha mikono yake kwamba ukikutana na mwenzio, shika kushoto. Bahari na maziwa yanataka shika kulia. Mtu huyo akinunua mashua na mashine akaanza kubeba abiria, mikono yake itakwenda kushoto bila kumuuliza, hasa akishtuka. Ndiyo sababu napenda wakufunzi walitamke jambo hili siku ya kwanza ya mafunzo, na walirudie: barabarani kushoto, majini kulia.

Mtazame pia feri za Likoni na za Kigamboni. Zina milango ya magari pande zote mbili, zinakwenda na kurudi bila kugeuka. Kwa hiyo omo ya kwenda ndiyo tezi ya kurudi, na stabodi ya kwenda ndiyo poti ya kurudi. Kila safari inapoanza usiku, taa za pembeni lazima zibadilishwe, nyekundu iwe kijani na kijani iwe nyekundu. Asiyezibadilisha atakuwa akiziambia meli kwamba anakwenda alikotoka, tena katika mlango wa bahari mwembamba unaopitisha meli kubwa za Kilindini, au kule Dar es Salaam pale Magogoni. Abiria aliyeegemea chuma akitazama maji haioni kazi hiyo, lakini maisha yake yanaitegemea.

Sasa nije nyumbani kabisa, kwenye tanga. Wapo wanaouliza stabodi na poti tunaziitaje kwa lugha yetu, na wapo wanaojibu haraka: joshi na demani. Jibu hilo si sahihi, na tofauti yake ina faida kubwa. Joshi ni upande upepo unakotoka. Demani ni upande upepo unakoelekea, kule tanga linakolalia. Majina haya hayakugandishwa kwenye mbao. Jahazi likibisha, likakata upepo upande huu kisha likakisi tanga likakata upande wa pili, ubavu uliokuwa joshi unakuwa demani. Nahodha wa tanga anaulizwa na bahari swali la upepo kabla ya swali jingine lolote. Watu wakae wapi kusawazisha chombo? Joshi, kama mnavyowaona mabaharia wa Lamu kwenye mashindano, miili yao iko nje ya mashua. Mwamba upi ni wa kuogopa zaidi? Ulio demani, kwa sababu upepo unakusukuma uuendee, na kamba ikikatika hapo una dakika chache tu.

Nani aseme basi kwamba wazee wetu hawakuwa na majina ya pande za chombo? Walikuwa nayo, na yalijibu swali lao. Mkutano na meli za mashine ndio ulioleta swali la pili. Chombo cha leo kinahitaji majibu yote mawili, na hapa ndipo ninapofurahi, kwa sababu kanuni za 1972 zenyewe, zinapofika kwenye vyombo vya tanga, zinarudi kwenye upepo. Nizieleze kwa maneno yetu. Vyombo viwili vya tanga vikikaribiana, na joshi ya kimoja iko kushoto na ya kingine iko kulia, mwenye joshi kushoto ampishe mwenye joshi kulia. Ikiwa joshi ya vyombo vyote iko ubavu mmoja, aliye juu ya upepo ampishe aliye demani yake. Na mwenye joshi kushoto, akiona chombo upande wa joshi na hawezi kutambua kinapokea upepo kwa ubavu upi, ampishe tu.

Jaribuni kuyasema hayo bila joshi na demani, mtaona sentensi zinavyorefuka. Vijana wanaosoma Chuo cha Bahari Dar es Salaam na wale wa Bandari Maritime Academy kule Mombasa watajifunza stabodi na poti, hilo halina shaka, maana hawataajiriwa kwenye meli bila hayo. Ombi langu ni kwamba wafundishwe pia joshi na demani, na nahodha wa jahazi aitwe darasani kuwafundisha. Wakati huo huo, wanaotoa mafunzo kwa wavuvi wa Bagamoyo, Kilwa, Pemba na Kipini waanze na joshi na demani ambazo mvuvi anazijua tangu utoto, kisha wazifunge nyekundu na kijani juu yake. Mvuvi akiambiwa "joshi yako ikiwa poti, pisha", ameelewa kiini cha kanuni.

Na kwa wale wa ngalawa na mashua ndogo, ambao taa za rangi hawana: chombo cha tanga kisichofika mita 7, kikishindwa kuweka taa za pembeni, kanuni inakitaka kiwe na tochi au fanusi ya mwanga mweupe, tayari karibu na mkono, na iwashwe mapema meli inapokaribia. Tochi iliyo ndani ya mfuko, chini ya nyavu, haitahesabiwa. Iwekeni mahali mkono utaifikia gizani, na betri zikaguliwe kabla ya kutoka.